Jina la Mji Wenu kwa Kiingereza

12 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku kwetu hatujambo, isipokuwa goti la Bibi, ambalo mwenyewe anasema limekuwa kama mkwe mvivu: halifanyi kazi na linataka kubembelezwa. Baba anakusalimu. Karakana ya baiskeli inakwenda, ila wateja wengi siku hizi wanaleta pancha tu. Mimi nimeingia kidato cha tatu na nimechagua dawati la mbele, ingawa wenzangu wanasema kule mbele mtu anakula chaki.

Bibi anauliza kama umenunua koti. Nilimwambia unalo. Akasema, "Muulize yeye, usimjibie."

Sasa nikueleze kwa nini naandika kabla ya zamu yangu. Nimechaguliwa kuiwakilisha shule kwenye mashindano ya kusoma taarifa ya habari kwa Kiingereza. Taarifa tuliyopewa inahusu mji wenu na ugomvi wenu na majirani zenu wakubwa, na jina la mji limo karibu katika kila sentensi. Mwalimu wetu wa Kiingereza tunamwita Bwana Mkato, kwa sababu anapumua kwenye kila mkato kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Alinisikiliza akasema nalitamka vizuri, kama lilivyo kwenye kamusi. Lakini mimi nakumbuka ulipokuja likizo, ulipomtajia Bibi mahali unapoishi, ulilisema kwa namna nyingine kabisa, hata Bibi akadhani umepiga chafya akakuambia, "Afya!"

Wewe kazi yako ni kutangaza treni kwa Kiingereza. Bila shaka unalitaja jina hilo kutwa. Naomba uniambie: mtu akizungumza Kiingereza, aseme lipi? La kamusi au la wenyewe? Sitaki kukosea. Mashindano ni mwishoni mwa Februari.

Mwanao,
Chiriku


4 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, mama. Mwambie Mama koti ninalo, zito kama godoro, na nikilivaa nafanana na kabati linalotembea. Goti alikande kwa maji ya moto, mabembelezo awaachie wajukuu. Kaka mwambie asidharau pancha. Barabara mbovu ndiyo inayomsomesha binti yake.

Umeuliza swali ambalo mkuu wa stesheni yetu amelikimbia tangu nimjue. Ngoja nikueleze tunavyofanya kazi. Tunakaa wawili katika kibanda cha kioo juu ya majukwaa, mimi na mama mmoja mwenyeji wa hapa. Yeye anatangaza kwanza kwa lugha yao, mimi namfuata kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni. Namwita Mama Kipaza, kwa sababu hata akinong'ona unamsikia mpaka chini kwenye reli.

Nilipoanza, nililisema jina la mji kama lilivyo kwenye kamusi yenu. Kila nilipolitaja, Mama Kipaza alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole akaona haya kulalamika. Mwisho nikamuuliza kulikoni.

"Hilo unalosema si la Waingereza," akaniambia. "Waingereza waliliokota kwa majirani zetu, enzi majirani wanatutawala. Mimi nilichapwa shuleni kwa kulisema la kwetu. Sasa wewe umetoka mbali kote huko, umekuja kunisomea kwa kipaza sauti lile la fimbo."

Nilikosa pa kuuweka uso. Basi akanifundisha. Alishika karatasi nyepesi mbele ya midomo yangu. Ukisema la kamusi, pumzi inatoka na karatasi inapepea. Ukisema la wenyewe, karatasi inatulia, maana sauti ya kwanza inazaliwa kooni, kama ya mtu aliyetaka kukohoa akaghairi. Ilinichukua majira mazima ya baridi. Siku nilipoliweza, Mama Kipaza alisimama akanipigia makofi, na abiria wote wakayasikia kwa sababu tulisahau kuzima kipaza. Tangu hapo nalisema hivyo hata ndani ya Kiingereza, na mkuu wa stesheni anajifanya kiziwi.

Kwa hiyo jibu langu ni hilo, mwanangu. Mtu huitwa jina alilopewa na mama yake. Fanya mazoezi kwa karatasi.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Bibi amekanda goti, na sasa anasema limeacha ukwe limekuwa shemeji, yaani lina utani lakini haliaminiki. Baba ameota jipu shingoni na hawezi kugeuka, kwa hiyo ukimwita anageuka mzima mzima kama mlango.

Barua yako iliwahi. Nilifanya mazoezi kwa karatasi mpaka Baba akauliza kama nimeng'atwa na nyuki. Nilipolisema darasani, Bwana Mkato alinisimamisha. Nikamweleza yote uliyoniandikia. Akasema, "Chiriku, kila lugha hupika kwa chungu chake. Sisi tunasema Ureno, wenyewe hawasemi hivyo. Umewahi kumwona Mreno akilia kwa ajili hiyo?"

Nikasema, "Mwalimu, sijawahi kumwona Mreno."

Darasa lilicheka, na yeye akacheka, kisha akaniambia kwa upole, "Lakini waamuzi wana kamusi, binti. Hawana shangazi."

Siku yenyewe ilipofika nililisema la wenyewe, kila mahali lilipotokea. Nimekuwa wa pili. Mwamuzi mmoja aliandika kwamba sauti ni nzuri, ila jina la mji limeharibiwa. Sikulia pale. Nililia nyumbani, kidogo, na Bibi akasema wa pili ndiye mwenye pa kwenda. Utaona na kwenye bahasha nimeandika jina lenu kama mnavyoliandika wenyewe.

Sasa la muhimu. Redio inasema majeshi ya majirani yamekaribia mpaka wenu. Baba ametoa baiskeli zote chumbani kwako na amepaka chokaa. Bibi amesema niandike maneno yake kama yalivyo: "Arudi. Koti alitupe, arudi yeye."

Mwanao,
Chiriku


27 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Pole ya jipu kwa Kaka. Mwambie chokaa ameipaka ya nini, mimi nilizoea ule ukuta wenye ramani ya uvujaji wa paa.

Hongera ya nafasi ya pili. Mama Kipaza nilimtafsiria habari yako akaomba nimrudie mara mbili. Mwambie Bwana Mkato kwamba amesema kweli, ila nusu. Mreno hatulalamikii kwa sababu hatujawahi kumchapa mtoto wake kwa kulisema jina la kwao. Jina la mji ni kama jina la utani: wewe mimi nakuita Chiriku na unaitika, lakini akikuita hivyo mtu aliyekuvunja jino, utaitika?

Kuhusu kurudi. Stesheni imefurika. Wanawake, wazee, watoto waliofungwa vitambulisho shingoni, paka ndani ya vikapu. Wageni wengi hawajui lugha ya hapa hata neno. Wanasimama chini ya kibanda chetu wameinua nyuso, wakisubiri Kiingereza changu kiwaambie jukwaa lipi. Juzi treni ilibadilishiwa jukwaa dakika ya mwisho. Nisingekuwepo, watu wangepanda inayorudi kule vita vilipo. Nani atawaambia? Mama Kipaza Kiingereza chake ni "good morning" tu, na hiyo anaisema hata jioni.

Mwambie Mama nitapanda treni ya mwisho. Nitaitangaza mwenyewe kisha nitateremka ngazi. Koti siwezi kulitupa, bado baridi.

Shangazi yako


18 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako ya Machi imefika leo. Mji wenu ulichukuliwa juzi. Nimeusoma utani wako wote nikijua jambo ambalo wewe ulipoandika ulikuwa hulijui.

Ulipanda treni ya mwisho? Kama ulipanda, uko wapi? Kama hukupanda, tafadhali andika hata mstari mmoja.

Goti la Bibi, Bibi mwenyewe amenikataza nisilitaje.

Chiriku


11 Mei

Mpendwa mwanangu,

Nimepokea barua yako. Mimi ni mzima. Hali ya hapa ni tulivu na chakula kinapatikana. Nimebadilishiwa kazi. Sasa nafanya kazi ndani ya jengo, si stesheni. Mwenzangu wa zamani hayupo kazini tena.

Ofisi inayoshughulikia wageni imeniahidi kibali cha kusafiri baadaye. Wasalimie wote.

Shangazi yako


5 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nilipomsomea Bibi barua yako ya Mei, alisema, "Hiyo si ya mwanangu. Nani kaiandika?" Nilimwonyesha mwandiko ni wako. Akasema, "Mkono ni wake. Mdomo si wake."

Lakini sasa tunajua ulipo, kwa sababu tumekusikia! Jumamosi jioni Baba alikuwa anatafuta habari za mji wenu kwenye masafa mafupi. Anageuza ile swichi polepole kama anayenyoosha rimu. Ikatokea sauti ya mwanamke inasoma kwa Kiingereza, na kabla mimi sijaitambua Bibi alikuwa amekwishasimama, goti na yote.

"Nyamazeni," akasema. "Huyo mwanangu."

Ulisema soko limefunguliwa, watu wamefurahi, askari wanagawa mikate na wananchi wanawashukuru. Bibi akanivuta mkono. "Anasemaje?"

"Anasoma habari, Bibi."

"Habari gani?"

Nikamwambia, "Anasema sokoni kuna vitu."

"Basi amekula," akasema Bibi, akakaa.

Nilifurahi, Shangazi, nisikufiche. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni na nimefundishwa kuuliza nisipoelewa. Jina la mji ulilisema la kamusi. Nilidhani umeteleza, lakini ulilisema hivyo hivyo mpaka mwisho. Wewe ndiye uliyeniambia mtu huitwa jina alilopewa na mama yake. Wewe ndiye uliyenieleza habari ya fimbo. Mimi nilisimama mbele ya waamuzi nikalisema la wenyewe nikijua nitakosa, kwa sababu niliamini ulichoniandikia. Mama Kipaza akikusikia sasa atafikiri nini? Au yale yalikuwa ya kufundishia watoto tu?

Naomba unijibu kweli.

Chiriku


16 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua niliyokuandikia tarehe tano, kama haijafika, ikifika usiifungue. Kama umeifungua, ichane.

Jana nilimweleza Baba nilivyokuuliza. Nilimweleza kwa kujisifu, sitaki kudanganya. Alikuwa anafunga mnyororo. Aliacha.

"Umeandika hivyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Umeshaipeleka posta?"

"Ndiyo."

Alikaa juu ya ndoo. Akajifuta mikono kwa muda mrefu, mafuta yale yale akiyahamisha kutoka mkono huu kwenda huu. "Wewe mtoto," akasema, "unadhani chumba kile anachosomea yuko peke yake? Unadhani karatasi ile ameiandika yeye? Mtu akikuwekea kisu hapa shingoni, akakuambia imba, utachagua wimbo?"

Kisha akasema, na hili ndilo ninalolisikia mpaka sasa, "Dada yangu wamemwahidi kibali. Anakilipia kwa mdomo. Mwache akilipie."

Shangazi, sikujua. Nilipaswa kujua, kwa sababu barua yako ya Mei haikuwa na utani hata mmoja. Sema jina lolote wanalolitaka. Uite mji huo la kamusi, uite la majirani, uite hata jina la mbuzi. Sisi tunakujua. Soma kila wanachokupa, pokea kibali, urudi. Chokaa ya chumba chako imekauka.

Nisamehe.

Mwanao,
Chiriku


1 Julai

Chiriku wangu,

Barua hii inabebwa na mpishi wa hoteli iliyo jirani, ambaye serikali ya kwao imemwombea njia. Ameiweka ndani ya soksi, kwa hiyo kama inanuka, si mimi. Ataiposti akishafika kwao, sijui lini. Ndiyo maana leo naweza kukuandikia kama zamani.

Barua yako ya tarehe tano imenifikia ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya. Nimeisoma nimesimama. Na kwa jinsi ninavyokujua, hivi sasa kuna nyingine njiani ya kuomba radhi. Huna cha kuombea radhi. Uliuliza, nami nitajibu.

Treni ya mwisho niliitangaza. Ilijaa mpaka milango ikakataa kufunga, na watu walikuwa wakipitisha watoto madirishani. Nilipofika chini ya ngazi haikuwa na nafasi ya kuweka hata mguu. Nikapanda tena juu, kwa sababu kibandani kulikuwa na joto na Mama Kipaza alikuwa hajaondoka.

Wiki ile ile majirani walikuja. Ofisa wao mmoja, mwenye adabu, kijana, alituwekea karatasi mbele. Matangazo yote kuanzia siku ile, kwa lugha zote, yataje jina la mji kama wanavyolisema wao. Mama Kipaza aliwasha kipaza sauti. Akalisema la kwao, mara moja, polepole, kama unavyomwita mtoto aliyelala ambaye hutaki kumshtua. Kisha akazima, akajifunga kitambaa kichwani, akaweka mikono mapajani akawasubiri. Walimteremsha kwa ngazi ile ile.

Halafu yule ofisa akanigeukia mimi. Nililisema la kamusi. Nililisema vizuri sana, Chiriku. Hapo siongezi neno.

Wakapenda sauti yangu, wakanihamishia redioni. Mgeni akisema kwa Kiingereza kwamba mji umefurahi, wanaona wenye kusikia watasadiki. Wameniahidi kwamba nikisoma bila kasoro mpaka mwisho wa Julai, nitapewa kibali. Nadhani ni kweli. Ofisa huyu hadanganyi, ndiyo sababu anaogopesha.

Sasa sikiliza. Mama Kipaza yuko hai. Wamemweka na wengine waliokataa katika shule moja hapa mtaani kwetu, wengi, na uwanjani wamefunga vipaza sauti. Kila jioni wanawafungulia redio, ile ya lugha yao na ile yangu ya Kiingereza, ili wasikie hata wageni wanavyouita mji. Kwa hiyo swali lako, kwamba akinisikia atafikiri nini, ananisikia. Kila jioni ananisikia.

Usijipe ukubwa usio wako, ukadhani barua ya mtoto wa shule ndiyo inayoniamulia mimi mambo. Nilikuwa na swali hilo kabla hujaliandika. Nikifanya jambo, nimelifanya mimi, mtu mzima, dada yake baba yako. Hili ulisome mara mbili.

Jumamosi hii jioni nasoma. Barua hii ikiwahi, mwambie Mama akae karibu na redio.

Shangazi yako


2 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua hii sitaipeleka posta. Nimeiandika kwa sababu siwezi kukuandikia ile nyingine kabla sijakuambia haya.

Ile Jumamosi ya mwanzo wa Julai tulikaa wote. Hatukuwa tumepata barua yako bado, lakini Bibi kila jioni anakaa pale mapema kama mtu anayesubiri daktari. Ulianza na hali ya hewa. Ukasoma habari ya kiwanda cha saruji. Kisha ukafika kwenye jina la mji, na ukalisema la wenyewe. Baba hajui Kiingereza sana lakini alinitazama. Ukaendelea na sentensi, hukuharakisha. Likaja tena, ukalisema tena. Mara ya tatu ulilisema peke yake, nje ya sentensi. Lilikuwa peke yake tu, kama tangazo la treni. Hapo hapo muziki wa beni ukaingia.

"Mbona wamemkatiza?" akasema Bibi. "Alikuwa hajamaliza."

Kesho yake akasoma mwanamume. Mpaka leo anasoma mwanamume.

Mwisho wa Julai ulipita. Agosti, barua yangu ya kuomba radhi ikarudi, haijafunguliwa, imepigwa muhuri mbele. Nilikwenda nayo posta. Karani ni mama mmoja mnene anayevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Aliutazama muhuri akanisomea: "Mji huo haupo."

Nikasema, "Upo. Shangazi yangu anakaa huko."

"Upo, binti. Lakini tangu Julai mosi wametoa agizo. Bahasha yenye jina hili ulilolitumia wanairudisha. Andika lile la kamusi, itafika."

Nimehesabu tarehe mara nyingi. Ile ya lawama ilipita kabla ya agizo. Ile ya radhi ilikuta agizo. Zote mbili niliziandika jina la wenyewe kwenye bahasha, kwa herufi nzuri, nikijiona shujaa.

Wiki iliyopita ikaja ya soksi. Nimeisoma pale uliposema niisome mara mbili, nimeisoma zaidi ya hapo. Nakuamini kwamba ni wewe uliyeamua. Lakini hukuwa umeipata ya pili, na sitajua kamwe ungefanya nini kama ungekuwa nayo mkononi.

Bwana Mkato nilimweleza. Hakusema habari ya chungu wala Mreno. Aliniuliza jina lile linatamkwaje, nikamfundisha kwa karatasi. Hajaliweza.

Baba anasema tuiandikie ofisi ya wageni, ile uliyoitaja Mei. Anasema mimi ndiye mwenye mwandiko. Nimeshaandika bahasha. Nimeandika jina lao, la kamusi, kwa herufi kubwa zinazosomeka. Nilimwonyesha karani kwanza, akasema, "Sasa sawa."

Nakala ya nitakayoituma ni hii hapa chini.

Chiriku


2 Septemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sisi sote ni wazima na tunatumaini wewe pia ni mzima. Hali ya huku ni tulivu.

Tunaomba ofisi itakayoifungua barua hii imfikishie mhusika, popote alipo, na tunaishukuru kwa kazi yake. Yeye ni mgeni huko. Hana ugomvi na mtu. Alikuwa mtangazaji wa treni.

Nimechaguliwa tena kuiwakilisha shule katika mashindano ya kusoma habari kwa Kiingereza. Safari hii mashindano yatarushwa redioni, na taarifa inahusu mji wenu. Jina la mji limo. Nitalisema kama lilivyo kwenye kamusi. Nitalisema hivyo kila mahali litakapotokea, na ofisi ikipenda inaweza kusikiliza.

Mama yake ni mzee na anamsubiri.

Wako mtiifu,
Mtoto wa kaka yake